Wasichana Thelathini, Jibu Moja

Mpaka saa nne ya asubuhi ile ya Jumatano, Inspekta Nasrin Idrisa alikuwa amejibiwa jibu lilelile mara ishirini na tisa, na msichana wa thelathini ndiyo kwanza alikuwa anavuta kiti.

"Jina?"

"Apolonia, afande. Kiranja wa Bweni la Ruaha."

"Haya, Apolonia. Mara ya mwisho kumwona Goodness ilikuwa lini?"

"Goodness aliondoka Jumapili asubuhi kwa cheti cha kughushi, afande."

Nasrin akalaza kalamu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Sijakuuliza aliondokaje. Ulimwona lini?"

"Jumapili asubuhi, afande."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Cheti cha kughushi, afande."

Koplo Yohane, aliyekuwa pembeni akiandika maelezo, akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Nasrin akamtupia jicho moja tu, kikohozi kikapona.

"Kughushi ni nini, mwanangu?"

Apolonia akatazama dari. Akatazama mlango, ambako kivuli cha mkuu wa shule, Mwalimu Philbert, kilikuwa kinapita na kurudi, kinapita na kurudi, tangu asubuhi.

"Ni aina ya cheti, afande."

"Nenda darasani."

Msichana akaenda, na Nasrin akayakusanya maelezo yale thelathini. Ukiyapanga juu ya meza ungedhani ni karatasi moja iliyopigwa fotokopi. Watoto thelathini wa bweni moja, wanaogombania ndoo na sabuni kila siku ya Mungu, na leo hakuna hata mmoja aliyesahau neno! Watu wanaosema kweli hupishana. Mmoja atasema sketi, mwingine atasema gauni. Hawa walikuwa wamekaririshwa.

Shule ya Wasichana ya Lihanga ilikaa juu ya kilima huko Mufindi, imezibwa na paina na milingoti pande zote, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila hodi na jua huja kama mgeni mwenye haraka. Goodness, kidato cha tatu, mtoto wa Rujewa, alikuwa na miaka kumi na sita, na hii ilikuwa siku ya nne hajulikani alipo. Shule ilisema ni mtoro: Jumapili asubuhi alimpa mlinzi wa geti cheti cha ruhusa chenye sahihi ya kuigiza, akatoka, akapotea. Mama yake alikuwa amepanda basi kutoka Rujewa na tangu jana alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mfuko wa nguo safi mapajani, hataki chai, hataki uji.

"Mwanangu haogopi shule," alimwambia Nasrin. "Anaogopa ng'ombe na radi. Nyie mtafuteni, mimi sitoki hapa."

Na bosi wa Nasrin kule Iringa mjini naye alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Kama ni mtoro, andika mtoro. Saa kumi jioni gari lirudi, faili ifungwe. Nasrin alizijua faili za watoro. Zikishafungwa huwekwa kwenye kabati la chini, na kabati la chini hufunguliwa siku ya kufagia tu.

Mlango ukasukumwa. Mpishi mkuu wa shule akaingia, mikono kiunoni, aproni imelowa.

"Afande, nauliza kwa heshima. Tangi mmelimwaga lote. Maharage ya watoto mia tatu niyachemshe kwa mate?"

"Yohane," Nasrin akasema bila kugeuka, "mweleze mama kuhusu tangi."

Yohane akajikuna shingo. Habari ya tangi ilikuwa yake. Goodness alikuwa fundi wa kuchora katuni. Kwa penseli tu, ndani ya madaftari ya hesabu, alikuwa ametunga hadithi aliyoiita *Shule ya Ukungu*, matoleo matano, yaliyozunguka mabwenini chini ya mito mpaka pembe zikalegea kama khanga kuukuu. Katika shule hiyo ya kuchorwa wasichana walipotea mmoja mmoja. Na kila alipopotea mmoja, nyuma ya ua wa michongoma karibu na geti alionekana mwanamke amechuchumaa, khanga imemfunika uso. Mama Kivuli. Mwisho wa toleo la tano, Mama Kivuli alikuwa anamvuta msichana kuelekea kwenye tangi la maji.

"Afande, huyu mtoto alikuwa anatuambia kitu," Yohane alikuwa amesema jana usiku huku macho yamemtoka. Basi tangu alfajiri tangi la zege la shule nzima likafunguliwa, maji yakamwagwa hadi tope.

"Mmepata nini?" Nasrin akamuuliza.

"Ndoo mbili, afande. Kandambili sita, zote za mguu wa kushoto."

"Na?"

"Na chura."

"Andika. Chura mmoja. Halafu ukampe mama huyu pole, na ukamchotee maji kisimani mwenyewe. Madumu ishirini."

"Ishirini, afande?"

"Unataka thelathini?"

Mpishi akatoka ameridhika, Yohane nyuma yake akiburuza miguu.

Matroni aliitwa saa tano. Joyness lilikuwa jina lake, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene, msafi, mwenye sauti ya kuamsha bweni zima bila kengele. Lakini mbele ya Nasrin sauti hiyo ilikuwa imeingia mfukoni. Maelezo yake, na ya mlinzi wa geti pia, yalikuwa tayari mezani, yamepigwa chapa kwenye kompyuta ya ofisi ya shule hata kabla polisi hawajafika. Jambo hilo lilikuwa linamwasha Nasrin kama upupu tangu jana. Ni nani aliyewaomba wapige chapa?

Akasoma kwa sauti. "'Siku ya Jumapili saa moja na nusu asubuhi nilikwenda getini nikamkuta mlinzi, Mzee Gwakisa. Tulisalimiana, akanieleza kuwa mwanafunzi Goodness ametoka kwa cheti. Mzee Gwakisa akanikabidhi cheti hicho mkononi, nami nikagundua ni cha kughushi.' Maneno yako haya?"

"Sahihi yangu hiyo, afande."

"Sijauliza sahihi. Getini ulimkuta nani?"

"Mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Yule mzee wa getini."

"Ana jina?"

"Limeandikwa hapo, afande."

"Nataka ulitamke wewe. Shule ina walinzi watatu."

Matroni akafuta jasho, na baridi ile ya Mufindi ilikuwa ya kuvalia makoti mawili. "Huyo huyo uliyemsoma."

Nasrin akahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, kama marehemu mama yake alivyomfundisha kufanya mbele ya wateja wakorofi dukani. "Matroni. Unakataa kunitajia jina la mlinzi wa geti la shule yako mwenyewe? Ni siri ya jeshi?"

"Sikatai, afande."

"Basi taja."

Matroni akatazama vidole vyake.

"Haya, simama. Twende getini ukanionyeshe mlisimama wapi. Wewe hapa, yeye pale, cheti kikapita vipi."

"Sasa hivi, afande? Nina watoto wawili wana homa bwenini."

"Nesi yupo."

"Na mvua hii."

"Nina mwavuli."

"Na mguu huu wangu—"

"Matroni Joyness!" Nasrin akaamka, kiti kikalia. "Nina mtoto amepotea siku nne, mama yake amekaa pale nje kama amepandwa, na saa kumi mimi nanyang'anywa gari. Mguu wako utatembea!"

Wakatoka. Njia ya kwenda getini ilikuwa ya kokoto, imenyooka, upande mmoja bustani ya maua na upande mwingine ua wa michongoma. Matroni alitembea kama anayepelekwa kuchinjwa. Kila hatua ilizidi kuwa fupi. Walipobakiza hatua kama thelathini, kibanda cha mlinzi kikaonekana, na mlangoni mwake Mzee Gwakisa amekaa juu ya gogo akinoa panga la kufyekea.

Matroni akaruka. Mwanamke mnene yule aliruka pembeni kama swala, akajitumbukiza nyuma ya michongoma, akachuchumaa, akavuta khanga mpaka usoni.

Na kule kibandani mzee akakohoa kikohozi kirefu, cha makusudi, akatupa panga, akageuza uso ukutani, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Nini tena hiki?" Nasrin akafoka. Akamtazama matroni, akautazama mlango uliofungwa. "Mnacheza kombolela? Wote wawili mna akili ti—"

Akajikatiza mwenyewe.

Alikuwa ameshakiona kitu hiki. Si hapa, ni Mbeya, Mwanjelwa, alipokuwa binti mdogo. Jirani yao, mama mmoja wa Kinyakyusa, alikuwa anaazima chumvi kwao siku baba mkwe wake alipopita barabarani akasimama kupiga soga na baba yake Nasrin habari za mpira. Mama yule alijifungia stoo ya mkaa. Mechi ilizungumzwa dakika arobaini, na alipotoka alikuwa mweusi kama chungu, hata hakulalamika. Mkwe na baba mkwe hawaonani uso. Hawasalimiani. Jina la baba mkwe mwanamke halitamki hata akikabwa. Wako watu siku hizi wameiacha mila hiyo, hasa mijini, na wako wasioiacha mpaka kaburini.

Nasrin akachuchumaa na yeye, nyuma ya michongoma, mwavuli juu yao wawili.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yule ni baba yake mumeo."

Khanga ikatikisika: ndiyo.

"Hujawahi kusimama naye ana kwa ana."

Khanga ikatikisika: hapana.

"Hata Jumapili."

Khanga ikatulia kabisa.

"Nani aliyeandika karatasi ile?"

Ndani ya khanga kulikuwa na kwikwi tu. Nasrin alimwacha na mwavuli, akasimama mvuani. Akalitoa ndani ya koti daftari la katuni la Goodness, toleo la tatu, akalifunua. Mama Kivuli nyuma ya michongoma. Ukurasa mwingine, Mama Kivuli nyuma ya michongoma. Hakuna hata picha moja ambayo amevuka ua ule kuelekea getini. Mtoto wa Rujewa angejuaje mambo ya ukwe ya Wanyakyusa wa Tukuyu? Aliona mwanamke mzima anajificha mchana kweupe, akaona ni jini, akachora. Alichora alichokiona. Na wao, polisi wazima wenye vyeo begani, wakaenda kumwaga tangi!

Yohane akaja anakimbia, suruali imelowa hadi magotini. "Afande, madumu kumi na mbili tayari."

"Achana na madumu. Sikiliza. Matroni ni mkwe wa mlinzi. Ni Wanyakyusa wa kushika mila. Hawajawahi kusalimiana, achilia mbali kupeana karatasi mkononi."

"Kwa hiyo wamedanganya."

"Wamesaini uongo wa mtu mwingine. Wangeutunga wenyewe, Yohane, wasingeutunga hivi. Mwizi wa Kinyakyusa angesema cheti kiliwekwa juu ya jiwe. Aliyeandika hakujua. Alijua tu kwamba ni ndugu, akaona ndugu watashikana vizuri kwenye uongo mmoja." Akaelekeza kidevu kwenye jengo la ofisi. "Mkuu ana digrii mbili ukutani. Hilo moja hakulisoma."

Wakaenda kibandani. Nasrin akabisha.

"Mzee, ni mimi Inspekta. Niko na koplo tu."

Mlango ukafunguka. Mzee Gwakisa alikuwa mrefu, mkavu, ndevu nyeupe za kuhesabika, koti la mvua limetoboka mabega yote mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Ndaga, asante. Karibuni, ingawa pa kukaa hapana."

"Naomba daftari lako la geti."

Akalitoa chini ya godoro. Jana Nasrin alikuwa ameomba ukurasa wa Jumapili, akaletewa, akautazama, akaurudisha. Jumapili, Jumapili, kila mtu alimwimbia Jumapili, na yeye akacheza ngoma hiyohiyo. Leo alianza nyuma. Miaka miwili ya majina, walimu, wapishi, wageni, dereva wa kuni. Jina la matroni halikuwamo hata mara moja.

"Yeye hupita wapi, mzee?"

"Mlango wa kuni, nyuma ya jiko. Njia yake ile, yangu hii. Tunaheshimiana." Akasema kwa fahari.

"Basi nisaidie jambo. Maelezo yako haya, yenye dole gumba lako, yanasema Jumapili ulimkabidhi matroni cheti mkononi."

"Nilimkabidhi nani?"

"Matroni."

Mzee akaushika mwimo wa mlango. "Soma tena."

Nasrin akasoma tena, neno kwa neno, polepole. Mpaka kufika "mkononi" mzee alikuwa amesimama wima na kichwa kinagusa bati.

"Mkononi! Mimi? Nimshike mkono mkwe wangu, mke wa mwanangu, kama mlevi wa kilabuni?" Akatema mate nje, mbali. "Mkuu aliniambia dole lile ni la kupokea koti jipya la mvua! Nikatia. Na koti lenyewe sijaliona mpaka leo, tazama mabega haya!"

"Cheti je? Ulikiona?"

"Sijaona cheti wala mtoto. Jumapili hakuna mtoto aliyetoka."

"Lini alitoka?"

Mzee akalichukua daftari, akafunua Jumamosi, akaweka ukucha wake mweusi pale pembeni. Palikuwa na vijiti, vya kuchorwa kwa kalamu, vitano vitano. "Mimi darasa la pili niliishia, mama, lakini hesabu siiachi. Jumamosi Bweni la Ruaha walipandishwa lori kwenda shambani kwa Mkuu, kubeba magogo ya paina. Kila mwezi wanapelekwa, wanaambiwa ni elimu ya kujitegemea. Hapa, walitoka thelathini na mmoja. Jioni, hapa, hesabu mwenyewe."

Yohane akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. "Thelathini."

"Nikauliza mmoja yuko wapi. Mkuu akasema, mzee, wewe linda geti."

Nasrin akafumba macho kidogo. Siku mbili nzima! Siku mbili daftari liko chini ya godoro la mtu ambaye hakuna aliyemuuliza swali la maana, yeye Nasrin akiwemo.

Honi ikalia. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama mbele ya geti, wipa zinakimbia, Mwalimu Philbert kwenye usukani, tai imepinda. Akapiga honi tena, ndefu.

Mzee Gwakisa akavaa koti lake la matundu, akatoka bila haraka, akasimama mbele ya pikapu.

"Cheti cha kutoka, Mkuu."

"Mzee, fungua geti."

"Uliniagiza mwenyewe. Asiye na cheti hatoki, hata awe waziri."

"Mzee, usinitanie, nina kikao Mafinga! Fungua!"

"Cheti, Mkuu."

Nasrin akazunguka upande wa dereva. "Kikao cha nini, mwalimu?"

Mkuu akajaribu kutabasamu. "Ah, Inspekta. Kikao cha wakuu wa shule. Nimechelewa kidogo. Mmemaliza? Bosi wako kaniambia kwenye simu leo mnafunga."

"Karibu tunafunga. Godoro hilo nyuma ni la kikaoni?"

"Hilo? La kushonwa. Limechanika."

Yohane alikuwa ameshalifunua turubai. Shule za bweni mtoto huandika jina kwenye kila kitu, kwenye ndoo, kwenye tranka, kwenye kijiko, asije akaibiwa. Na aliyetumwa stoo kuleta godoro lisilo na mtu alikuwa ameleta lisilo na mtu kweli. Pembeni, kwa kalamu nene nyekundu, iliandikwa: GOODNESS, RUAHA, USIGUSE.

"Zima gari, mwalimu," Nasrin akasema.

"Inspekta, tuelewane kama watu wazima. Mtoto mtoro vitu vyake vinarudishwa kwao, ni utaratibu—"

"Mama yake yuko mapokezi. Rujewa ya wapi unayoendea kwa njia hii? Goodness yuko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Aliondoka Jumapili asubuhi kwa—"

"Malizia, nikupige pingu hapahapa."

Mkuu akafunga mdomo, akaufunga kweli. Akakunja mikono juu ya usukani. Atamtaka wakili, atampigia huyu, atampigia yule. Nasrin aliyaona yote usoni mwake, na saa ya mkononi ilisema saa saba kasoro. Shamba la ekari ngapi? Upande upi? Mlinzi alijua shamba lipo, hakuwahi kufika. Wasichana thelathini walijua, na wote thelathini walikuwa wameambiwa atakayefungua mdomo hatafanya mtihani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya michongoma. Sasa ilikuwa ile sauti ya kuamsha bweni.

"Afande! Mwambie mzee ageuke!"

Mzee Gwakisa alikuwa ameshageuka. Aliweka paji la uso kwenye nguzo ya geti, akaziba sikio moja kwa kiganja, nusu nusu, kwa heshima.

"Yuko shambani kwake!" Matroni alipiga kelele akiwa amewapa mgongo, khanga kichwani, mvua inampiga. "Njia ya Mgololo, ukishapita daraja la mbao, kulia, nyumba ya miche! Gogo lilimviringikia mguuni Jumamosi! Nikamwambia Mkuu tumpeleke hospitali, akasema hospitali wataandika, wataandika watoto walikuwa wanafanya nini kwenye shamba la mtu! Akamwita mzee wa kuunga mifupa! Akasema nikisema, tunaondoka kazini wote wawili, mimi na… na…" Jina likagoma. "Na huyo aliyepo hapo!"

Mzee Gwakisa, uso bado uko kwenye nguzo, akanyoosha mkono mmoja nyuma yake, akapapasa komeo, akalivuta. Geti likafunguka.

Mkuu wa shule walimpakia kwenye Landikruza ya polisi, katikati, kama kiazi, na godoro la Goodness likatupwa nyuma. Njia ya Mgololo mvua ilikuwa imeigeuza uji. Malori ya magogo yalikuwa yamechimba mitaro ya kuingia mtu, na Yohane aliyarusha matope hadi kwenye paa. Mwalimu Philbert alianza kuongea baada ya daraja la mbao. Mguu ulikuwa unaendelea vizuri. Alikuwa na nia ya kumpeleka. Alimnunulia soda.

"Nyamaza," Nasrin akamwambia. "Tangu jana nasikiliza watu waliokariri. Wewe ndiye uliyekaririsha, sikutaki hata kwa kunong'ona."

Nyumba ya miche ilikuwa ya mbao, nyuma yake vitalu vya miche midogo ya paina imejipanga kama wanafunzi paredi. Mzee wa kuunga mifupa alikuwa kibarazani akichemsha majani. Alipoona magwanda aliinua mikono yote miwili, na mwiko mkononi. "Mimi nilisema," akaanza kabla hajaulizwa. "Nilisema huu si wa majani. Umevunjika pawili, na una joto. Nilisema tangu Jumatatu."

Ndani mlinuka udongo mbichi na mbolea. Msichana alikuwa amelala juu ya magunia, sketi ya shule bado mwilini, mguu wa kulia umefungwa kwa vipande vya mbao na matambara, umevimba kuliko paja la mtu mzima, ngozi inang'aa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alipoiona kofia ya polisi alijaribu kukaa, akashindwa.

"Niliondoka Jumapili asubuhi," akasema, meno yanagongana, "kwa cheti cha kughushi, afande."

Nasrin alipiga magoti kwenye udongo ule. Akavua koti lake, akamfunika mtoto.

"Hukuondoka popote, Goodness. Usiseme tena hiyo."

"Alisema nikisema nyingine, wenzangu—"

"Wenzako niachie mimi. Yohane! Lete godoro!"

Walimwinua na godoro lake, Yohane kichwani, mwunga mifupa miguuni, Nasrin ameushikilia mguu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Mtoto alipiga ukelele mmoja, kisha akauma pindo la koti alilofunikwa, akanyamaza. Mwalimu Philbert walimfunga pingu kwenye chuma cha kiti cha mbele, ili nyuma pawe na nafasi.

Simu haikushika mpaka walipopanda mlima. Ikashika, na papo hapo ikaita: bosi. Nasrin akaikata. Akapiga namba ya mapokezi ya shule, akaomba mama wa Rujewa.

"Mama Goodness, ni Inspekta Nasrin. Kaa—"

"Nimekaa tangu jana," sauti ikasema. "Usinizungushe, mwanangu. Nimezaa watano, nimezika wawili, maneno ya kuandaa nayajua. Sema moja. Yupo au hayupo?"

"Yupo. Yuko hai. Mguu umevunjika na ana homa kali, tunamkimbiza hospitali Mafinga."

Upande wa pili benchi likalia, mama amesimama.

"Mpe simu."

Nasrin akaiweka simu kwenye sikio la msichana. Mama alisema nini haikusikika, injini ilikuwa inanguruma na matope yanapiga chini ya gari. Goodness alisikiliza. Akasema, "Ndiyo, mama." Akasema, "Hapana, mama, sijala." Halafu akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, cha mdomo wazi, ambacho siku nne zile alikuwa hajakilia.

Gari likaingia shimoni. Mguu ukaruka mikononi mwa Nasrin, na msichana akajikunja.

"Yohane, punguza! Unamuua mtoto!"

"Afande, ulisema nikimbize."

"Nimesema punguza!"

"Hapana," Goodness akasema. Alikuwa ameishika simu kifuani kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka hadi masikioni. "Kimbiza tu, kaka. Hata ukisimama unauma."

Yohane akamtazama Nasrin kwenye kioo. Nasrin akaukumbatia mguu ule vizuri zaidi, akaegemeza mgongo kwenye ubavu wa gari.

"Umemsikia," akasema. "Kimbiza."